Mashua ya Zamani Haiuawi na Umri, Inauawa na Mwenyewe Asiyeijua



Najua wapo watakaouliza: bwana shamba wa mchicha na kuku, aliyeko Mabibo, anatafuta nini kwenye mashua? Mabibo hatuna bahari. Tuna soko, tuna Mahakama ya Ndizi, tuna mabonde ya mboga, na jina letu ni la tunda la mkorosho. Lakini samaki wanaouzwa sokoni kwetu hawaji kwa miguu. Na miongoni mwenu mnaonisoma wapo wenye vyombo Kunduchi, Msasani, Kigamboni, Bagamoyo, hadi Mafia na Kilwa. Kwa hiyo leo tunakwenda pwani.

Na nakwenda kugombana. Nagombana na ushauri ambao sisi maafisa tumeuzoea mpaka tunautoa bila kufikiri: "Hicho chombo kimezeeka, kiuze, jiungeni kikundi, mkope cha kisasa." Nasema ushauri huu, ukitolewa kabla hata ya kukikagua chombo, ni ushauri mbovu. Unawatia watu madeni na kuziacha mali zao zioze mchangani. Nina haki ya kuusema vibaya kwa sababu na mimi nimeutoa.

Kosa langu

Kuna mume na mke ninaowafahamu, wafanyabiashara wa nazi na samaki hapa Mabibo. Mke alirithi mashua ya mbao kutoka kwa marehemu baba yake, mvuvi wa Kunduchi. Ni mashua ya tanga, na mke anasema ilikuwepo kabla yeye hajaanza darasa la kwanza. Inaendeshwa na nahodha wa kuajiriwa, na kila wiki hupeleka hesabu nyumbani.

Hesabu ilikuwa inapungua. Wiki nyingine haikuja kabisa kwa sababu mashua ilikuwa juu, inavuja, inasubiri fundi. Waliniletea daftari. Nikahesabu matengenezo matano ndani ya mwaka mmoja, jumla shilingi 735,000. Nikafunga daftari, nikawaambia kama nilivyozoea: hii imeshakufa, iuzeni hata kwa bei ya kuni, mfikirie mkopo.

Mume alinyamaza. Mke akaniuliza, "Bwana shamba, ukija kwangu ukamkuta mbuzi wangu anaharisha, utaniambia nimuuze nikope ng'ombe?"

Nilicheka, lakini usiku ule swali lilinisumbua. Mbuzi ningemwangalia macho, ningempima homa, ningeuliza amekula nini. Mashua sikuwa nimeiona hata rangi yake. Nilikuwa nimesoma daftari tu. Jumamosi yake tulipanda daladala watu watatu kwenda Kunduchi.

Tulichokikuta kwenye ngama

Tulimkuta fundi mmoja mzee, wa kujenga na kutengeneza mashua. Tukamwamkia, tukamweleza shida. Hakusema neno mpaka alipoingia ndani ya mashua, akaondoa mbao za kukanyagia, akatuonyesha ngama, yaani pale chini kabisa maji yanapokusanyika.

Palikuwa na tope, magamba ya samaki, maji ya mvua, na bonge la saruji. Mtu fulani zamani alikuta panapovuja, akamwaga saruji. Fundi aliibandua kwa patasi. Nyuma yake ubao ulikuwa laini kama mkate uliolowekwa kwenye chai. Saruji haikuwa imeziba maji ya bahari tu. Iliyazuia na ya mvua yasitoke, na maji ya mvua ndiyo yanayoozesha mbao zaidi. Maji ya chumvi huchelewesha uozo, maji baridi yaliyotuama huukaribisha.

Akapita na ncha ya kisu kila ubao, kila taruma, mkuku wote kutoka omo mpaka tezi. Mbao mbovu zilikuwa mbili. Misumari mingi ya upande mmoja ilikuwa imeliwa na kutu. Mkuku ulikuwa mzima. Mataruma yalikuwa mazima isipokuwa moja. Mashua niliyoihukumu kifo ilikuwa na kidonda kimoja.

Hapo nikalisoma daftari upya. Yale matengenezo matano yalikuwa mahali palepale: mara saruji, mara lami, mara kipande cha mfuko kikipigiliwa misumari, kisha saruji tena. Wale watu walitoa shilingi 735,000 kuficha kidonda kilekile. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kuziba ufa bila kujua umetokana na nini nako ni hasara.

Walivyojifunza

Walifanya jambo ambalo nataka kila mwenye chombo alifanye. Hawakumwambia fundi "tutengenezee." Walimwambia "tufundishe, tutakulipa siku zako." Yeye akifungua palipooza, wao wafunge chini ya macho yake.

Waliivuta mashua juu wakati wa bamvua, maji yalipopanda sana, ili maji mafu yanayofuata yasiifikie. Pwani yetu bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo ukipanga vizuri unapata karibu wiki mbili za kazi kavu kabla bamvua lingine halijaja kukushusha. Asiyejua kalenda ya mwezi hulipa vijana wa kuvuta mara mbili.

Mume alijifunza kupima mbao na kupigilia. Msumari wa mashua hautwangwi tu kama wa kenchi. Tundu hutobolewa kwanza, msumari wenyewe uwe uliopakwa zinki, na shingo yake huviringishwa uzi wa pamba uliolowa mafuta ili maji yasipite pembeni yake.

Mke alijifunza kukalafati, na alimshinda mumewe mapema. Amekua akishona ukili wa mikeka, mkono wake unajua kukaza bila kukata. Alisokota pamba, akailowesha mafuta, akaisukuma kwenye mwanya wa mbao kwa patasi butu na nyundo ya mbao. Fundi akamwambia asikilize: pamba ikishajaa sawasawa mlio wa nyundo hubadilika. Siku ya pili alikuwa anausikia. Mume alipiga mwanya wake wa kwanza kwa nguvu zote, akajaza pamba mpaka ikatokeza. Fundi akaing'oa yote. "Mwanangu, ubao huu sasa ni mkavu. Ukiingia majini utakunywa maji na kuvimba. Pamba ikikosa pa kwenda itasukuma mbao, na mbao zitang'oa misumari. Mashua umeiua kwa bidii."

Mwisho wakapaka deheni, chokaa kwa shahamu, sehemu yote inayokaa majini, na sifa kwenye mbao za juu na za ndani. Waliposhusha, siku ya kwanza ilivuja. Mume alikaribia kulia. Fundi akawapa upo wakumbe maji, akasema wasubiri mbao zinywe. Siku ya tatu maji yalikuwa ya kukumba asubuhi mara moja.

Gharama yote, yaani mbao, misumari, pamba, mafuta na siku za fundi, ilikuwa shilingi 880,000. Ni pesa nyingi, sitawadanganya. Waliuza nazi na kudunduliza miezi mitatu. Lakini msimu mzima wa kusi uliofuata walitumia shilingi 55,000 tu za pamba na sifa, na kazi waliifanya wenyewe.

Wanaonipinga nawajibu

Wa kwanza ni wale wanaosema chombo cha zamani kinaua watu. Hoja hii naiheshimu, maana baharini hakuna mchezo. Lakini kinachoua ni uozo usiojulikana, na uozo huo unaweza kuwa kwenye mashua ya miaka mitano kama kwenye ya thelathini. Anayeingiza kisu kwenye ngama kila mwezi anajua amebeba watu juu ya nini. Na sisemi kila chombo kiokolewe. Mkuku ukipasuka au kupinda, mataruma yakioza mfululizo, misumari ikiwa haishiki tena popote unapogusa, hapo usibishane. Kivunje, chukua mbao nzima na vyuma, kwa heri. Tofauti ni kwamba umekiangalia kwanza. Wala matengenezo hayaondoi usajili, leseni, maboya ya kujiokolea kwa kila aliyemo, na kusikiliza tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mashua iliyokalafatiwa vizuri nayo hupinduliwa na upepo mkali.

Wa pili wanasema cha kisasa hakisumbui. Januari 2024 Rais Samia alizindua Mwanza ugawaji wa boti za kisasa kwa mkopo kwa wavuvi, na mimi siyapingi hayo hata kidogo. Boti ya faiba ni nyepesi na haiozi. Lakini hupasuka, na ufa usipozibwa mapema maji huingia kati ya matabaka na kuidhoofisha polepole. Kuiziba kunataka vifaa vyake na ujuzi wake. Injini inataka spea na petroli, na tunakumbuka Agosti 2022 lita moja Dar es Salaam ilivyokuwa juu ya shilingi 3,000. Tanga halinywi petroli. Nani kati yenu wakulima hajaona pawatila zilizokuja enzi za Kilimo Kwanza, kuanzia 2009, zikageuka mahali pa kuku kutagia kwa kukosa anayejua kuzitengeneza? Kitu kipya mikononi mwa asiyejua kukitunza ni kitu kikuukuu kinachosubiri siku yake. Tofauti ni kwamba hiki kina deni.

Na msidhani mbao na ujuzi wake vimepitwa na wakati. Lamu, mwaka 2018, walishusha majini FlipFlopi, jahazi lililojengwa kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa, na mwaka 2019 likasafiri kwa tanga hadi Zanzibar. Malighafi ilikuwa mpya kabisa. Walioijua kuikata, kuiunga na kuikalafati walikuwa akina Ali Skanda na mafundi wenzake wa majahazi ya mbao. Ujuzi wa zamani ndio uliobeba kitu kipya.

Wa tatu ndio wanaonikasirisha. Wanasema mwanamke hapandi chombo, ni mkosi. Siku tuliyofika Kunduchi kijana mmoja alimwambia yule mama asimame mbali, wanaume waangalie. Mashua ni ya baba yake! Jina la mrithi ni lake, hasara ni yake, na anaambiwa asimame mbali na mali yake. Mkosi ulikuwa ndani ya ngama, nao uliletwa na wanaume na saruji yao.

Mwingine akaleta methali: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ni kweli, na nahodha awe mmoja. Lakini methali inasema habari ya usukani. Haisemi ni marufuku watu wawili kuchungulia panapovuja. Huyo mama alipojua bei ya pamba, ubao na siku ya fundi, hesabu za "matengenezo" zilizokuwa zinaletwa nyumbani kila mwezi zilinyooka zenyewe, bila ugomvi. Na ninyi akina baba mnaoficha habari za chombo, mkilala kitandani wiki tatu na homa nani atakisimamia? Mkiondoka duniani, mjane ataambiwa "kimeoza, mama, tupatie tu kwa laki mbili," naye atatoa kwa sababu hajui. Kumfundisha mke ni kuwalinda watoto.

Wa nne wanauliza mafundi watakula nini. Fundi wetu alipata siku kumi na mbili za kulipwa, wakati mwanzo aliitwa kubandika viraka vya saa mbili. Na jirani wawili walioona kazi wamemwita. Mwenye chombo anayejua haachi kumwita fundi. Anamwita kwa kazi inayostahili fundi, tena mapema.

Utaratibu wa kufuata

Yaandikeni haya kwenye daftari la chombo:

1. Kila safari inapoisha: kumba maji yote, osha ngama, toa tope na magamba ya samaki. Kunja tanga likiwa kavu, liweke kivulini. Jua hula tanga na kamba kuliko upepo.

2. Mvua ikinyesha chombo kikiwa juu: toa maji ya mvua siku hiyohiyo. Masika kifunike kwa makuti, lakini acha nafasi hewa ipite.

3. Kila mwezi, maji yakiwa yametoka na chombo kimepwelea: pita na ncha ya kisu kwenye mbao za chini, maungio ya mkuku, na mzunguko wa kila msumari wenye alama ya kutu. Ncha ikizama bila nguvu, weka alama ya chokaa na uandike.

4. Mara mbili kwa mwaka, pepo za kusi na kaskazi zinapobadilishana: kivute juu, sugua mwani na viumbe vyote vilivyonata, tafuta vitundu vya funza wa baharini wanaotoboa mbao. Wazee huwasha makuti chini ya chombo kuwaua. Fanya hivyo ukiwa na mtu anayejua, na maji ya kuzimia karibu. Kalafati palipolegea, paka deheni au rangi ya chombo.

5. Usitumie kamwe saruji, lami ngumu wala viraka vya plastiki kuziba panapovuja, isipokuwa ni dharura ya kukufikisha ufukweni. Ukifika, ondoa.

6. Ubao mpya nunua kwa muuzaji mwenye vibali, na mikoko usiikate kiholela. Ni misitu ya hifadhi, na ndiyo malezi ya kamba na samaki unaowategemea.

Neno kwa maafisa wenzangu

Fomu nilizozoea kujaza huuliza idadi ya vyombo na aina yake. Hakuna mahali panapouliza kama mwenye chombo anajua kukikagua. Tunahesabu mali, hatuhesabu ujuzi, halafu tunashangaa mali inapokufa. Naomba tubadilike kwa mambo mawili. Kwanza, mtu asishauriwe kukopa chombo kipya kabla ya cha zamani kukaguliwa mbele yake na fundi anayejua. Pili, mikutano yetu ya ugani ya pwani ihamie ufukweni, na anayesimama mbele awe fundi mwenye patasi, mume na mke wamekaa mbele. Kwa wanaotaka kwenda mbali zaidi, Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi wana kampasi yao Mbegani, Bagamoyo. Waulizeni kuhusu kozi. Si mbali na sisi.

Kwa wewe msomaji sina maneno mengi. Ukiwa na mashua, ngalawa, hata mtumbwi, kabla ya kusaini fomu yoyote ya mkopo, nenda na mwenzio mkaondoe mbao za kukanyagia, mwangalie chini. Ukikuta kimekufa, utakuwa umejua. Ukikuta kidonda kimoja, utakuwa umeokoa urithi.

Yule mume na mke wangu hawajamaliza. Wiki iliyopita mke alinionyesha ukurasa wa daftari: ubao wa tatu kutoka mkuku, upande wa kushoto, karibu na tezi, ncha ya kisu imeanza kuzama kidogo. Wameuandika, wameweka alama ya chokaa, na wameanza kudunduliza pesa za kuubadilisha pepo zikigeuka. Nahodha ameambiwa asipakie kupita kiasi upande ule.

Tukutane wiki ijayo, turudi kwenye mchicha na wadudu wake.